Tukisafiri, Paka Tunamwachia Nani?

Mwezi wa Desemba haukawii kufika, na wengi wetu tutafunga mizigo kwenda kwa wazee. Tutakumbuka vitenge vya bibi, sukari, sabuni, viatu vya watoto na nauli. Tutamkumbusha jirani kutuangalizia nyumba. Lakini yuko mmoja wa nyumbani ambaye mara nyingi tunamkumbuka tukiwa tumekwisha kufunga mlango: paka.

Huenda mwenzetu mmoja akacheka na kusema, "Paka naye ni wa kuandikiwa gazetini? Si atajitafutia panya?" Hata sisi tulisema hivyo. Ngoja tuwasimulie yaliyotupata, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Desemba 2019 tulisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro kula Krismasi na wazee. Paka wetu ni jike mweusi, watoto walimwita Chausiku. Walitaka tumtie kapuni tuende naye, lakini safari ya basi ni ya kutwa nzima, joto ni kali na paka huogopa kelele. Tukakataa, na hapo hatukukosea. Tukamwomba jirani mmoja, akakataa kwa sababu paka ni mweusi. Wa pili, mama kijana mwenye mtoto wa kiume wa miaka 6, akakubali kwa moyo mweupe. Tukampa ufunguo, unga na mfuko wa dagaa, tukaondoka tarehe 20. Maelekezo hatukumpa hata moja.

Tarehe 27 yule mtoto alimfuata Chausiku chini ya kitanda akamvuta mkia. Paka akageuka akamng'ata mkononi, kisha akatoka mbio wala hakuonekana tena. Mama yake akapaka jeraha mafuta ya taa, akalifunga kitambaa, akanyamaza. Simu alikuwa nayo na namba yetu alikuwa nayo. Tuliporudi tarehe 4 Januari 2020 tulimkuta mtoto ana kidonda, na mama anatazama chini. "Dada," alisema, "niliona haya kuwaharibia sikukuu. Tena niliogopa mtasema sikumtunza paka wenu."

Akina mama, miguu ilituishia nguvu. Sisi ni wauguzi. Kadi za kliniki za watoto wetu tumezitunza kabatini, na kila wiki tunawahimiza wengine wasikose chanjo. Lakini Chausiku hakuwa amechanjwa kichaa cha mbwa hata siku moja. Jina la ugonjwa huo lisitudanganye. Ni kweli watu wengi huupata kwa mbwa, lakini paka naye huweza kuupata na kumwambukiza mtu kwa mate yake, akimng'ata au kumparura. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, kupona karibu hakupo. Na paka wa kuchunguzwa hayupo!

Siku ile ile tulimpeleka mtoto hospitali, ingawa siku nane zilikuwa zimepita. Wakamwosha kidonda na kumwanzishia sindano. Gharama tulilipa sisi, maana deni lilikuwa letu. Usiku hatukulala. Tulipita vichochoroni na tochi tukiita paka, na majirani wakatuona kama tumerukwa na akili. Tarehe 7 alfajiri Chausiku alilia mlangoni, amekonda lakini mzima, anakula na kunywa vizuri. Tangu ang'ate zilikuwa zimepita siku 11. Mbwa au paka akiwa hai na mwenye afya siku 10 baada ya kung'ata, ni ishara kwamba hakuwa akiambukiza kichaa siku ile. Tulimwarifu daktari, naye ndiye aliyeamua kuhusu sindano zilizobaki. Mtoto yuko salama mpaka leo. Yule jirani nasi tulilia pamoja jikoni kwake, tukaombana msamaha.

Basi, tujifunze pamoja.

CHANJO KABLA YA NAULI

Paka huchanjwa kichaa cha mbwa akifikia miezi 3, halafu hurudiwa kwa muda atakaopangiwa na daktari wa mifugo. Chanjo ya kwanza huhitaji kama mwezi mmoja kujenga kinga, kwa hiyo tusingoje wiki ya safari. Mwenye kusafiri Desemba na amwone afisa mifugo mwezi wa Oktoba au mapema Novemba. Karatasi ya chanjo tumwachie jirani, asibaki gizani likitokea la kutokea.

NANI ANAFAA KUMLEA?

Paka huzoea nyumba kama anavyozoea watu. Ukimhamishia kwa jirani ghafla, anaweza kutoroka kurudi kwake na kugongwa na gari njiani. Ni afadhali abaki nyumbani, na mlezi aje asubuhi na jioni. Ikiwa hapana budi ahamie, apelekwe siku chache kabla pamoja na kitambaa chake cha kulalia, afungiwe ndani mpaka azoee.

Mlezi awe mtu mzima. Watoto wasitumwe peke yao. Kama jirani yetu ni mjamzito, anaweza kumlisha paka, lakini asisafishe kinyesi chake. Katika kinyesi cha paka huweza kuwamo vijidudu viitwavyo toksoplazma ambavyo, mama akiambukizwa akiwa na mimba, huweza kuharibu mimba au kudhuru macho na ubongo wa mtoto. Vijidudu hivyo huchukua siku moja au zaidi baada ya kutoka ndipo viweze kuambukiza, kwa hiyo mchanga wa paka usafishwe kila siku na mtu mwingine, naye anawe mikono kwa sabuni. Tusisikie tena kwamba mama mjamzito lazima atupe paka. La hasha! Kinachotakiwa ni usafi, na paka asilishwe nyama mbichi.

CHAKULA NA MAJI

Wengine humwaga chakula cha wiki nzima sakafuni na kufunga mlango. Chakula hicho huchacha, sisimizi hukijaa, na panya hukila kabla ya mwenyewe. Tumpimie jirani chakula cha kila siku na kumwonyesha kipimo. Ugali kidogo na dagaa waliochemshwa bila chumvi nyingi wala vitunguu humfaa, lakini ugali mtupu hautoshi, kwani mwili wa paka unahitaji nyama au samaki. Miiba ya samaki itolewe. Maji safi yabadilishwe kila siku. Maziwa ya ng'ombe si lazima, maana paka wakubwa wengi huharisha wakiyanywa.

Paka akikataa kula siku 2 mfululizo, jirani asiseme "ana huzuni tu". Ini lake huweza kuharibika kwa njaa. Apelekwe kwa daktari wa mifugo. Na tuseme hili kwa sauti: asipewe dawa za binadamu. Kidonge kimoja tu cha paracetamol kinaweza kumwua. Tena, kabla ya kuondoka tuondoe sumu ya panya, maana paka akila panya aliyekufa kwa sumu naye huweza kufa.

AKING'ATA AU KUPARURA

Maneno haya tuyaandike kwenye karatasi na kuyabandika ukutani kwa jirani. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kuharakisha. Usipake mafuta ya taa, majivu, kahawa wala dawa ya mswaki. Mpeleke mtu hospitali siku hiyo hiyo, wala usisubiri zile siku 10 ziishe kwanza. Sindano zikianza, zifuatwe kwa tarehe zilizoandikwa. Paka asiuawe wala kufukuzwa, bali afungiwe mahali salama achunguzwe. Kisha piga simu kwa wenye paka, hata kama ni usiku wa mkesha.

Hilo la mwisho ndilo tulilokosa sisi. Jirani yetu hakunyamaza kwa ubaya. Alinyamaza kwa sababu hatukumwambia mapema kwamba mtoto wake ni bora kuliko sikukuu yetu. Tumwambie jirani kwa kinywa chetu, "Likitokea lolote, tupigie. Hatutakulaumu."

KUHUSU PAKA MWEUSI

Katika mitaa yetu paka mweusi hupigwa mawe kwa kudhaniwa ni wa wachawi. Weusi ule ni rangi ya manyoya tu, kama kuku mweusi tunayemla bila maswali. Mwenye paka kama huyo amvishe mkanda shingoni na kuwajulisha majirani na watoto wa mtaa kwamba ana mwenyewe. Hata kitabu cha Mithali humhesabu mwenye haki kuwa ni mtu anayejali uhai wa mnyama wake, wala hakikutaja rangi.

JIRANI SI MTUMISHI

Mwisho, tusirudi mikono mitupu. Mtu aliyeacha mambo yake ya sikukuu kuja kulisha paka wetu mara mbili kwa siku ametufanyia kazi. Tumletee mkungu wa ndizi kutoka nyumbani, au tumpe kilicho katika uwezo wetu. Na atakaposafiri yeye, tuwe wa kwanza kushika ufunguo wake na kulisha kuku wake.

Siku hizi, kila mwezi wa Oktoba, tunampeleka Chausiku chanjo akiwa ndani ya kapu, watoto wakimfuata nyuma kama msafara wa arusi. Amekwisha kuzeeka, panya wanampita mbele naye anawatazama tu. Mtoto yule wa jirani sasa ni kijana wa shule, ana kovu dogo mkononi, na ndiye anayemletea dagaa pamoja na mama yake tunapokuwa safarini. Karatasi iko ukutani kwao, na namba yetu ya simu imeandikwa kwa herufi kubwa.

Mama mpendwa, kabla hujafunga begi la mwisho, mtazame na yule aliyelala karibu na jiko. Safari njema, na mrudi salama.