Ekstensheni ya Umeme, Nyumbani na Msikitini

Ndugu zetu Waislamu, tangu mwaka 2010, ulipofika Pemba umeme upitao chini ya bahari kutoka Tanga, vyombo vya umeme vimezidi majumbani mwetu, lakini matundu ya ukutani hayakuzidi. Kwa hiyo twanunua ekstensheni, na wengi wetu hutazama bei tu. Yatupasa kutazama mambo manne.

Kwanza, hesabu. Plagi yetu ya miguu mitatu mwisho wake ni ampea 13. Kwa volti 230 hizo ni wati 2,990, nazo ni za matundu yote pamoja, wala si za kila tundu. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 zikiwashwa pamoja, mpaka umekwisha pitwa.

Pili, fyuzi. Hiyo ni mlinzi. Ikiungua isibadilishwe kwa kipande cha waya.

Tatu, waya wa ardhi. Tusinunue isiyokuwa nao, wala tusichomeke kijiti katika tundu la juu ili plagi ya miguu miwili ipate kuingia. Watoto hutuiga.

Nne, kinga. Umeme ukirejea baada ya kukatika huweza kupanda ghafula. Mashine ya vipaza sauti vya msikiti ni mali ya wakfu; basi iwe na ekstensheni yenye kinga, iliyofungwa kwa skrubu ndani ya kabati, isilazwe chini ya mkeka.

Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tulalapo. Na waya uliopata moto ni moto vile vile. Tuuzime kabla ya kulala.