Bastola ya Bei Rahisi Haipo, Msiniulize Tena

Wiki hii nimepata meseji sita za swali moja. Ya kwanza nilidhani mzaha: "Bro, wewe ndiye mtu wa kuchambua simu na spika za bei nafuu, hebu nichagulie bastola ndogo. Iwe ya kuaminika, isizidi 30,000." Wa pili ametoka YouTube, ameona Mmarekani akisifu bastola ya dola 200, akapiga hesabu akaona ni kama 26,000 tu kwa shilingi zetu. "Simu yako ni ghali kuliko hiyo," akanimalizia.

Kweli kabisa, simu yangu ni ghali kuliko hiyo. Ndiyo maana ile ya kwanza iliibiwa.

Kwa hivyo msinianze na "wewe hujawahi kukabwa". Nimekabwa. Mwaka jana, baada ya Isha, natoka Ndia Kuu nakata vichochoro kurudi nyumbani Kibokoni, wakanitokea vijana wanne na mapanga mawili. Aliyenishika kola sauti yake bado ya kitoto. Wallahi ningemkuta mchana ningemtuma dukani. Walichukua simu, kishikio chake na maikrofoni, yaani kazi yangu yote, kwa sababu chuo nilikiacha mwaka wa pili karo ilipokwama na ile simu ndiyo iliyokuwa ofisi. Nikaenda kuripoti, nikaandikiwa nambari ya OB kwenye kikaratasi, nikaambiwa nitapigiwa. Nipigiwe kwa simu gani, hakuna aliyeuliza.

Siku ya tatu jamaa mmoja wa maskani akanivuta kando, akanifungulia leso kuukuu. Ndani mna bastola. Ndogo kuliko nilivyodhani, kutu mdomoni, mpini umezungushwa tepu ile ya stima, na risasi mbili ambazo hata yeye hakuwa na hakika kama ni zake. Bei aliyotaja siiandiki hapa, sitaki mtu aichukue kama bei ya soko. Akaniambia, "Hii hata huhitaji kupiga, wakiiona tu wanatimka." Nikaishika. Na hapa nawaambia kitu ambacho wengi hawakisemi: nilijihisi mrefu. Siku tatu nilikuwa natembea nimeinama, na kile chuma chenye kutu kikaninyoosha mgongo kwa dakika mbili.

Sikuikataa kwa hekima wala kwa uchamungu. Sikuwa na pesa, basi. Mwenzangu mmoja, tuliyesoma naye madrasa, alikuwa nazo kidogo. Wakachanga watatu, wakaichukua.

Nishikieni hapo, ntarudi kwake.

Kwanza hilo neno "ya kuaminika", maana ndilo linaloniudhi zaidi. Huyo Mmarekani wa YouTube mnayemtazama anapiga risasi 500 uwanjani kabla hajafungua mdomo kusema kitu kinaaminika. Wewe una mbili. Ukijaribu moja, nusu ya akiba imeisha na mtaa mzima umeshasikia. Umejua nini?

Na hata kwao, rahisi imewahi kuwatoa machozi. Mwaka 1968 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia vibastola vya bei ya chini visiingizwe kutoka nje. Viwanda vikaota ndani, kusini mwa California, Raven, Jennings, Lorcin, Bryco, vikimimina bastola za aloi ya zinki ambazo mtu maskini angeweza kununua. Mwaka 1994 huko huko California, mtu mzima alikuwa anajaribu kutoa risasi kwenye Bryco, nyumbani. Ile bastola ilitengenezwa kwa namna kwamba huwezi kuitoa risasi bila kwanza kufungua kufuli ya usalama. Ikafyatuka. Mtoto wa miaka 7 aliyekuwepo akapooza. Mwaka 2003 baraza la mahakama likampa fidia ya mamilioni ya dola na kampuni ikakimbilia kujitangaza mufilisi. Sasa hiyo ilikuwa bastola ya dukani, yenye risiti, katika nchi ambayo ukiuziwa takataka unamjua wa kumpeleka kortini. Wewe wa leso kuukuu utampeleka nani?

Kuna jengine ambalo hata wajuaji wa maskani hawalifikirii. Simu ya wizi ukiinunua, mbaya zaidi utapokonywa. Bastola ya mtaani unainunua pamoja na madhambi yake. Hujui imepita mikono mingapi, imemuua nani Kisauni au Likoni, maganda yake yamelala kwenye bahasha ya ushahidi ya kesi gani. Siku unayokamatwa nayo, wa kueleza yote hayo ni wewe. Na wizi wa kimabavu, wizi wa mtu mwenye silaha, adhabu yake kwenye Kanuni ya Adhabu ya Kenya ni kifo. Umelipa pesa yako mwenyewe ukanunua kesi ya mtu usiyemjua.

"Basi mimi nitafuata sheria." Haya, fuata. Kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kuna Bodi ya Leseni za Silaha. Utaeleza sababu nzuri ya kutaka bastola, na "nishaibiwa simu" jaribu uone kama itatosha. Utatafuta cheti cha maadili mema, utapimwa akili, utajifunza kulenga, utachunguzwa. Ukipewa cheti ndipo ununue kwa muuzaji mwenye leseni, kwa bei yake, kisha cheti unakifufua kila mwaka. Mwaka 2018 serikali iliwaita hata waliokuwa na leseni tayari, wote, wakachujwe upya. Nitafutie katika safari hiyo wapi 30,000 yako inatosha.

Sisemi sheria ni mbaya. Nasema wanaoimudu ni wale wenye ukuta, geti, mlinzi na gari la vioo vyeusi, ambao kwa hali yoyote hawapiti kichochoro cha Kibokoni usiku kwa miguu. Taasisi ya Small Arms Survey ilikadiria mwaka 2017 kwamba bunduki zilizo mikononi mwa raia Kenya ni 750,000. Zilizosajiliwa hazifiki hata 10,000. Kwa kila moja yenye karatasi kuna zaidi ya 70 zisizo nazo. Wakubwa wanajipiga video na bastola kiunoni, sisi tunabaki kugombania za leso.

Turudi kwa mwenzangu. Unajua bastola ile alitembea nayo mara ngapi? Ukitoa ile siku ya kuileta nyumbani, hakutembea nayo. Angetembea nayo vipi? Tuko kisiwani, yakhe. Unatoka kwa feri ya Likoni, ambako mikoba inakaguliwa. Unatoka kwa daraja la Nyali, au Makupa, ambako askari akiamua leo ni siku yake anasimamisha matatu na kushusha vijana, na vijana wenyewe ni sisi, si yule mzee wa kanzu mbele. Kwa hivyo ikalala chini ya godoro. Na ilipokuwa chini ya godoro, yeye akakabwa tena, kule karibu na Mackinnon, akapokonywa simu ya pili na wala hakuwa na cha kuchomoa.

Halafu tuseme angekuwa nayo. Nyote mnavijua vichochoro vyetu. Ukinyosha mikono miwili unagusa kuta zote mbili. Mtu wa panga hakusubiri hatua ishirini kama kwenye sinema, anakutokea mlangoni, ameshakufikia. Mpaka uchomoe, ufungue kufuli, ulenge gizani na mkono unatetemeka, umeshakatwa. Na ukiwahi kupiga, risasi inakwenda wapi? Kuna kuta za mawe ya matumbawe, kuna baraza zenye wazee wanaokunywa kahawa tungu, kuna watoto wametumwa viazi karai. Wareno walikuwa na Fort Jesus nzima na mizinga yake yote, bado kuanzia 1696 mpaka 1698 walizingirwa humo na njaa na maradhi yakawamaliza, Waomani wakaingia. Leo mizinga hiyo watu wanaikalia kupiga selfi. Natania, lakini nusu tu.

Na huyo utakayempiga ni nani? Yule mwenye sauti ya kitoto. Mamake unamjua, labda anauza mahamri kwenye njia unayopita.

Waliomkamata mwenzangu walimkuta nyumbani, alfajiri. Mmoja wa wale waliochanga alijisifu mahali. Mashtaka mawili: bastola bila cheti, na risasi bila cheti, maana zinahesabiwa mbali mbali. Hakupiga risasi hata moja tangu aichukue. Hebu sasa nipigeni ile hesabu yenu ya bei nafuu. Mamake aliuza bangili zake mbili za dhahabu kumlipa wakili. Dhamana ilipotangazwa hakuna ukoo uliokuwa na hati ya shamba ya kuweka. Sasa yuko rumande Shimo la Tewa, na kila wiki yule mama anapanda matatu ya Mtwapa, anashuka Shanzu, na sabuni, na dawa ya meno, na nauli ya kurudi. Mimi nimekwenda naye mara tatu. Njia nzima haongei. Mara ya pili aliniuliza kitu kimoja tu: je, na wewe ulijua? Nikamwambia nilijua.

Kuna atakayeniambia afadhali rumande kuliko kaburi. Sawa, ila bastola hukupeleka kaburini haraka zaidi, na wanaokupeleka si lazima wawe wa panga. Agosti 2014, Kinango, askari walimuua kwa risasi msichana wa miaka 14 ndani ya nyumba. Walisema alitaka kuwakata kwa panga. Mwaka 2016 Mahakama Kuu hapa Mombasa iliwatia hatiani askari wawili kwa kuua bila kukusudia, wakafungwa miaka 7 kila mmoja. Msichana wa miaka 14 alihitaji mahakama miaka miwili ndipo haki ipatikane. Wewe kijana wa miaka 22 umelala kichochoroni na bastola ya kweli kando yako, nani atafungua hata faili? Siku hiyo hutakuwa mtoto wa watu. Utakuwa "jambazi sugu", picha moja, mistari miwili, komenti 400 za pongezi.

Wengine nawaona mnataka silaha kwa sababu 2027 inakuja na kuna "mheshimiwa" ameahidi kuwapanga. Kaeni na wazee muwaulize kuhusu Agosti 1997, sisi hatujazaliwa. Vijana walivamia kituo cha polisi cha Likoni usiku wa tarehe 13, wakaua askari, wakabeba bunduki, wakaanza kuchinja na kuchomea nyumba watu waliowaita wageni. Zaidi ya watu 100 walikufa kwenye vurugu zile, maelfu kwa maelfu wakahama, wengine wakajaa kanisani Likoni. Vijana waliahidiwa kazi na ardhi. Uchaguzi ukafanywa Desemba mwaka huo huo. Niambieni shamba moja tu ambalo kijana aliyeshika bunduki ile alipewa. Walichopata ni msako wa nyumba kwa nyumba na kipigo, na walioiva kisiasa wakaendelea kula.

"Kwa hivyo tukatwe tu tukinyamaza?" Hilo swali ndilo la maana na silikimbii. Sina dawa ya siku moja. Ila najua kwamba kwenye kichochoro nilichokabiwa taa imezimika tangu kabla ya Ramadhani, na ile mulika mwizi ya karibu imesimama tu kama mnazi. Najua mtaa wetu vijana watano waliamua kurudi pamoja kutoka kazini saa nne usiku, na hao watano hawajaguswa. Najua nambari za OB tukizipeleka moja moja zinalala, tulipozipeleka kumi na moja kwa pamoja, tukiwa na wazee wawili wa msikiti na mtu wa MUHURI, afisa alitutolea viti. Doria ilipita wiki mbili, ikapotea. Tutarudi tena. Ni kazi ya kuchosha na haina sura nzuri kwenye video, nakubali, na haikufanyi ujihisi mrefu.

Nishaulizwa pia kama siogopi kuyaandika haya, kwani jamaa wa leso bado yuko maskani. Naogopa. Ananipita, ananisalimu, namjibu.

Wewe wa 30,000, meseji yako nimeihifadhi na sitaionyesha mtu. Nijibu vitu viwili: mtaa gani, na taa ipi imezimika. Alhamisi baada ya Alasiri nakuja na kamera. Ile ya kuazima.