Kila Chombo kwa Wimbile: Metali Zistahimilizo Kutu na Wajibu wa Kiswahili

Bibi wa Shella, mtaa mkongwe wa Malindi ulioko ukingoni mwa bahari, atengenezapo achari ya ndimu haihifadhi katika sufuria. Hutia ndimu chumvi na pilipili, akazianika juani, kisha akazifungia katika chupa au chungu. Akiulizwa sababu hatataja kemia. Atasema tu kwamba sufuria italiwa na achari itageuka ladha. Kauli hiyo fupi ina maarifa mengi. Bibi huyo anajua kwamba ukali wa ndimu ukishirikiana na chumvi hula aluminiamu, na anajua kwamba chombo huchaguliwa kwa kutazama kitakachotiwa ndani yake. Sufuria hiyohiyo anayoikatalia achari ndiyo anayoipikia wali kila siku bila hofu.

Jambo analolijua bibi jikoni ndilo linalopotea pindi mazungumzo yanapohamia katika karakana, kiwandani na dukani. Huko, metali zote zing'aazo zimekusanywa chini ya jina moja: "chuma kisichoshika kutu", au kwa kifupi "stenlesi". Jina hilo limekuwa ahadi, na ahadi hiyo si ya kweli. Hakuna metali ya ujenzi isiyolika katika kila hali. Wahenga walisema kila chombo kwa wimbile, na methali hiyo inaeleza elimu ya ulikaji wa metali kwa usahihi kuliko jina tunalolisikia madukani. Kiswahili kinapoendelea kuziita metali hizi kwa ahadi badala ya kuziita kwa sifa na mipaka yake, wanaodhurika ni wale wasio na lugha nyingine ya kuulizia.

Yafaa kwanza kueleza chuma hiki ni kitu gani. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alitengeneza chuma chenye kromiamu ambacho hakikuharibiwa upesi na tindikali za kawaida kama siki. Leo chuma cha aina hiyo hutambuliwa kwa kuwa na kromiamu isiyopungua takriban asilimia 10.5. Kromiamu hiyo hukutana na oksijeni ya hewani ikafanya utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho, unaokifunika chuma. Utando ukikwaruzwa hujiziba wenyewe, maadamu oksijeni ipo. Kwa hiyo chuma hiki kina uwezo wa kushika kutu kama ndugu zake. Kinachokiokoa ni kwamba kimevaa nguo inayojishona.

Nguo hiyo ina adui, na adui huyo ndiye jirani wa kila siku wa Shella: chumvi. Kloridi iliyomo katika chumvi hupenya utando mahali padogo, ikachimba kishimo kama tundu la sindano. Nje chuma hung'aa. Ndani kishimo huendelea kuchimbika hadi upande wa pili. Hatari ya ulikaji wa namna hii ni kwamba hauonyi. Chuma cha kawaida hubadilika rangi, kikabambuka, na kila apitaye akakiona. Hiki huvuja ghafla kikiwa bado kinapendeza.

Ndiyo maana zipo aina nyingi. Aina inayoitwa 304 ina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8 hivi. Aina ya 316 huongezewa molibdeni ya asilimia 2 hadi 3 ili istahimili kloridi zaidi. Ipo pia jamii ya 200, ambayo sehemu ya nikeli yake imebadilishwa kwa manganizi ili kupunguza bei, na uwezo wake mbele ya chumvi kwa kawaida ni mdogo zaidi. Zikipangwa mezani, aina hizi hufanana kama mapacha. Mnunuzi wengi wamemfundisha kupima kwa sumaku: isiponasa, basi ni "stenlesi halisi". Kipimo hicho hakimfai mtu wa pwani, kwa sababu aina zote tatu kwa kawaida hazinaswi na sumaku, au hunaswa kwa udhaifu tu. Sumaku haijui tofauti kati ya pipa litakalodumu na pipa litakalotoboka.

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya ughaibuni na asafiri kutoka Shella kuelekea kaskazini, avuke Mto Sabaki, afike Gongoni, Kurawa na Marereni. Huko ndiko yaliko mashamba makubwa ya chumvi ya Kenya. Maji ya bahari huvutwa kwa pampu na kupitishwa kutoka bwawa hadi bwawa, jua na upepo vikiyapunguza. Kilo moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Chumvi ya kula huanza kuganda maji yanapobaki karibu sehemu moja ya kumi ya ujazo wake wa awali, na wakati huo kilo moja ya maji hayo makali ina zaidi ya gramu 250 za chumvi. Baada ya hapo chumvi huvunwa, huoshwa, hukaushwa, husagwa na kutiwa madini joto. Kila hatua ina wimbi lake. Pampu hupigwa na maji yanayokwenda kasi yakiwa na mchanga. Kikaushio hukutanisha chumvi na joto, na joto huongeza kasi ya ulikaji. Mtambo uliosimama ukiwa na maji ya chumvi yaliyotuama ndani yake huweza kulika kuliko ule unaofanya kazi, kwa kuwa oksijeni ya kuushona utando haifiki vizuri. Kuuita mtambo mzima "wa chuma kisichoshika kutu" ni sawa na kusema kwamba mavazi ya mtu ni "nguo".

Tofauti hizi huonekana wazi zaidi katika klorini, kemikali inayotumika kusafisha maji ya bomba na ya mabwawa ya kuogelea. Klorini kavu husafirishwa katika mitungi ya chuma cha kawaida kabisa, wala haiidhuru. Ikiingiwa na unyevu, huila mitungi hiyohiyo. Titani, metali ya bei kubwa inayostahimili maji ya bahari kwa muda mrefu mno, haina shida na klorini yenye unyevu. Lakini ikikutanishwa na klorini kavu huweza kuwaka moto. Tindikali ya salfa nayo ina kisa chake: ikiwa kali sana huhifadhika katika tangi la chuma cha kawaida, ikizimuliwa kwa maji hulila tangi. Fundi aliyefundishwa kwamba ghali ndiyo imara, au kwamba kali ndiyo hatari, ataangamia katika mifano hii yote.

Kuangamia huku si mchezo wa maneno. Tarehe 9 Mei 1985, katika mji wa Uster nchini Uswisi, dari la zege liliporomoka juu ya bwawa la kuogelea na kuua watu 12. Dari hilo lilikuwa limening'inizwa kwa fito za chuma cha jamii hii tunayoiita kisichoshika kutu. Kloridi iliyokuwa katika hewa ya bwawa, ikishirikiana na mvuto wa uzito wa dari, ilizipasua fito hizo kimyakimya kwa miaka 13. Uswisi haikukosa wahandisi wala vitabu. Kilichokosekana ni swali lifaalo kuulizwa siku ya kuchagua chuma: kitastahimili nini, kwa joto gani, chini ya uzito gani na kwa muda gani? Malindi, mji wa hoteli na mabwawa ya kuogelea, ambako kaskazi na kusi zote hupuliza chumvi juu ya mapaa, ina sababu ya kulichukulia swali hilo kuwa lake.

Sasa linaingia suala la lugha. Mwambao huu haukujifunza chuma jana. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154 akiwa kwa Mfalme Roger wa Sicily, alieleza kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kwamba biashara yake iliwapa faida kubwa. Wapo wataalamu wanaohoji iwapo Malindi yake ndiyo hii ya leo. Hata hivyo, mavi ya chuma yaliyofukuliwa katika miji ya kale kama Manda yanathibitisha kwamba chuma kilifuliwa katika pwani hii. Kazi hiyo iliacha msamiati. Kiswahili kina chuma na kina pua; kina feleji, kina bati, kina shaba nyekundu na shaba ya manjano. Kina "kushika kutu", "kuingia kutu" na "kuliwa na kutu", na wazawa wa lugha hawazichanganyi hatua hizo. Wavuvi nao, wanaotia kalafati na kupaka sifa, wanajua kwa nini kipande cha zinki hufungwa karibu na rafadha: zinki hutangulia kulika ili rafadha ibaki. Kemia ya jambo hilo inaweza kufundishwa kwa Kiswahili cha Shella bila kukopa neno hata moja zaidi ya "zinki".

Kwa hiyo haitoshi kudai kwamba lugha haina uwezo. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na istilahi nyingi za msingi zimo humo. Pengo liko kati ya kamusi na karakana. Istilahi hukaa rafuni chuoni, ilhali anayechomelea tangi husoma maelekezo ya Kiingereza au asisome kabisa. Matokeo yake huonekana kazini. Burashi ya waya iliyosugulia chuma cha kawaida ikitumika kusugulia 316 huacha chembe za chuma juu yake, na kutu huanzia hapo. Mahali palipochomelewa pakiachwa na rangi ya kuungua bila kusafishwa, utando wa hapo huwa dhaifu. Haya ni maelekezo ya sentensi mbili za Kiswahili chepesi. Kutoandikwa kwake hugharimu tangi zima, na pengine macho ya mtu.

Yupo atakayesema kwamba mafundi wamezoea Kiingereza cha kazi, na kwamba namba kama 304 na 316 hazina lugha. Ni kweli kwamba namba hazina lugha. Lakini maelezo ya namba yana lugha. Anayejua kwamba 316 ni "bora" bila kujua ni bora mbele ya nini, ameuziwa cheo, hajauziwa maarifa. Yupo pia atakayesema kwamba metali nzuri ni ghali, na kwamba kumweleza maskini habari zake ni kumtamanisha asichokiweza. Hoja hiyo inapinduliwa na klorini kavu katika mtungi wa chuma cha kawaida. Maarifa haya mara nyingi humwelekeza mtu kwenye kitu rahisi: plastiki kwa maji baridi ya chumvi, mbao kwa koleo, chungu kwa achari. Anayepoteza fedha ni yule anunuaye kwa kung'aa.

Suala hili lina sura ya haki pia. Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu nchini Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu utengenezaji wa chumvi Malindi na kutoa ripoti yake mwaka 2006, ikigusa ardhi, mazingira na hali ya wafanyakazi. Miaka minne baadaye Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na katika Kifungu cha 46 ikampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora ufaao na haki ya kupata habari za kumwezesha kunufaika nazo. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, habari ambayo haifahamiki kwa anayeihitaji haijatolewa bado.

Yapo mambo matatu yanayowezekana bila kusubiri bajeti. La kwanza, wanafunzi na walimu wa Kiswahili waliache jina "chuma kisichoshika kutu" na kutumia "chuma kinachostahimili kutu". Tofauti ni ya silabi chache, lakini jina la pili humlazimu msikilizaji kuuliza: kinastahimili nini? La pili, vyama vya Kiswahili vyuoni vishirikiane na vyuo vya ufundi vya pwani kuandika vijitabu vya karakana, fundi akiwa mshauri wa lugha na mwanafunzi akiwa mwandishi. La tatu, stakabadhi ya chombo chochote cha kuhifadhia kemikali itaje aina ya metali na kwa Kiswahili ieleze kimetengenezwa kwa ajili ya nini, na kisitiwe nini. Shirika la viwango la taifa lina uwezo wa kulidai hilo.

Wanafunzi wa fasihi wasidhani kwamba kazi hii imo nje ya uwanja wao. Kutaja kitu kwa jina linalokifaa ndiyo kazi ya kwanza ya mtu wa lugha, kabla ya vina na mizani. Bibi wa Shella ameifanya kazi hiyo maisha yake yote: anajua achari ni ya chupa na wali ni wa sufuria, na amewarithisha wajukuu zake elimu hiyo kwa sentensi moja. Anayemuuzia mtu tangi la tindikali anapaswa kuwa na sentensi ya namna hiyo, na anapaswa kuitamka kwa lugha anayoielewa mnunuzi.