Shimo Halina Hakimiliki

Barua zilizotufikia baada ya toleo lililopita zinauliza jambo moja kwa miandiko tofauti: tupande mbegu gani? Msomaji wa Singida anataka jina. Msomaji wa Handeni anataka jina na duka. Mwingine, ambaye kwa lugha yake nahisi ni afisa ugani, ametuandikia kurasa tatu akilinganisha chotara ya kampuni hii na chotara ya kampuni ile, na katika kurasa zote tatu neno "udongo" halimo. Nimezisoma zote. Zimenikera, na ndiyo sababu toleo hili limepangwa lilivyopangwa.

Ugomvi wa GMO tuumalize mapema, maana umekula nafasi kuliko stahili yake. Jaribio la mahindi ya GMO la Makutupora, Dodoma, lilianza mwaka 2016, serikali ikalisimamisha mwaka 2018, na tangu hapo kambi mbili hazijanyamaza: moja inasema tumenusurika, nyingine inasema tumenyimwa chakula. Wote wanasahau kwamba mbegu za WEMA, mradi wa mahindi ya kuvumilia ukame uliokuwa nyuma ya jaribio hilo, zilizofika madukani kwa jina la DroughtTEGO si GMO hata kidogo. Ni chotara za kawaida, zilizopatikana kwa kuchavusha na kuchagua. Tena Afrika Kusini, iliyoanza kulima mahindi ya GMO tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ndiyo iliyokataa ombi la kuingiza sokoni aina mojawapo yenye jini ya ukame, kwa hoja kwamba takwimu zilizoletwa hazikutosha kuthibitisha manufaa yaliyodaiwa. Anayetaka kuendelea na mjadala huo ana majukwaa mengi. Hapa ametengewa kurasa mbili, ukurasa wa 33 na wa 34, na hoja za pande zote zimeenea humo.

Sina ugomvi na wanaozalisha mbegu. Katumani ilitoka Machakos miaka ya 1960, na zipo familia Ukambani zilizolelewa kwa mahindi hayo. Lakini tuseme kweli: Katumani haivumilii ukame, inaukimbia. Inakomaa upesi na kutoka shambani kabla mvua haijakatika. Kazi ya CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, ya kufupisha muda kati ya mbelewele kumwaga chavua na ndevu kutokeza nayo ni ya kuheshimiwa, kwani ndevu zikichelewa siku chache tu chavua imekwisha na gunzi linatoka mapengo. Ila ndevu hurefuka kwa maji, na maji hayo hayauzwi ndani ya pakiti.

Chukua Dodoma. Mvua ya mwaka ni kama milimita 570, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mahindi yanahitaji milimita 500 hivi au zaidi ili yabebe vizuri. Ukihesabu kijumla namna hiyo, maji yapo, au yanakaribia kuwapo. Taabu iko kwenye mpangilio. Aliyepanda katikati ya Desemba, mahindi yake hutoa mbelewele katikati ya Februari, na mzee yeyote wa Bahi au Mpwapwa atakwambia kwamba Februari ndiyo mvua hupenda kukatika, wiki moja, mbili, pengine tatu, halafu irudi Machi ikute mabua. Siku hizo mmea unakunywa milimita tano hadi sita kwa siku.

Sasa shika jembe uchimbe katikati ya mistari. Mashamba mengi yaliyolimwa kwa jembe la mkono au plau kwa miaka mingi, ukifika sentimita 15 hadi 20 unagonga tabaka gumu. Utaona mizizi imefika hapo ikakata kona na kutambaa pembeni kama maji yaliyomwagika sakafuni. Udongo wa kichanga kichanga, ulio mwingi huko, hutunza kiasi cha milimita moja ya maji yanayonyweka kwa kila sentimita moja ya kina. Mizizi iliyokwama kwenye sentimita 20 ina akiba ya milimita 20, na hizo hazifikishi siku nne. Pasua tabaka hilo, mizizi ishuke hadi sentimita 70, na akiba inakuwa milimita 70, karibu wiki mbili. Pakiti ni ileile na mvua ni ileile. Mmoja anavuna, jirani yake anakata mabua akawape ng'ombe, na msimu ujao huyo jirani ndiye atakayetuandikia barua kuuliza jina la mbegu.

Akiba hiyo lazima kwanza ijazwe, na hapo pana hesabu nyingine ambayo sichoki kuirudia hata wenzangu wa chumba cha habari wakiguna. Mvua ya milimita 40 ya alasiri moja, ile ya radi na matone mazito, inaimwagia ekari moja lita 160,000. Ikitiririka robo yake tu, na kwenye udongo uliojifunga ukoko robo si jambo la ajabu, zimekwenda lita 40,000. Hizo ni ndoo 2,000 za lita 20. Mama ambaye kesho atatembea kutafuta ndoo mbili za kupikia amesimama mlangoni akitazama ndoo 2,000 zikiteremka korongoni, zikiwa zimebeba na samadi aliyoisomba kichwani mwezi wa Oktoba. Kisha tunaandika kwenye ripoti kwamba kijiji kilikumbwa na ukame.

Kwa nini basi barua zote zinauliza mbegu? Kwa sababu mbegu ina mwenyewe. Ina kampuni, ina wakala, ina bango barabarani, ina siku ya mkulima yenye fulana na kofia. Shimo halina hakimiliki. Mashimo ya Chololo, yale ya kupandia yanayokinga maji ya mvua, yalibuniwa na mkulima wa kijiji cha Chololo, Dodoma, na hakuna wa kuyatangaza redioni, kwa kuwa hakuna atakayepata faida mkulima wa Manyoni akichimba la kwake.

Hata hivyo wenzangu wa kambi ya mashimo nao wana la kujibu, maana wamezoea kupiga picha shimo moja. Shimo la Chololo lina upana wa sentimita 22 hivi na kina cha 30. Mashimo yanaachana sentimita 60 kwenye mstari na 90 kati ya mistari. Kwa vipimo hivyo ekari moja inakula mashimo 7,500. Kila moja ni lita 11 za udongo, hivyo ekari nzima ni zaidi ya mita za ujazo 80, yaani kama tani mia moja, kwa jembe la mkono, ardhi ikiwa imekauka. Ripoti za miradi huandika kwamba kazi hiyo inafanywa na "nguvukazi ya familia". Tafsiri yake ni mama mwenye nyumba na mabinti zake, kwani baba na vijana wa kiume miezi hiyo wako mjini wanatafuta kibarua. Shimo likishachimbwa hudumu misimu kadhaa, najua, na mwaka wa pili kazi ni kulisafisha na kuongeza samadi. Lakini mwaka wa pili haufikiwi na aliyevunjika moyo mwaka wa kwanza akiwa na robo ekari.

Kwa hiyo ninalolipigania mimi ni ripa. Ripa la Magoye, lililopewa jina la mji wa Zambia lilikotoka, linafungwa kwenye kiunzi cha plau ambayo mkulima tayari anayo, linavutwa na maksai wawili, linapasua mstari mwembamba wa kupandia na kuacha ardhi ya katikati bila kuguswa. Maji ya mvua ya kwanza yanaingia kwenye mpasuko badala ya kukimbia. Msimu wa pili unapita palepale na kushuka zaidi. Pale tabaka lilipo gumu kupita nguvu za ng'ombe, trekta lenye jino refu lipite mara moja, halafu maksai waendelee miaka inayofuata. Arumeru, Karatu na Babati haya si mageni. Huko wengine huotesha ngwara katikati ya mahindi, zikafunika udongo, zikauongezea naitrojeni, na mbegu zake zikauzwa Kenya, ambako huitwa njahi. Hiyo naitrojeni si ziada ya bure: mahindi yenye njaa hayajui kutumia maji hata yakipewa, na kifuniko kimoja cha soda cha mbolea kwenye kila shina kinaweza kuamua kama milimita zilizohifadhiwa zitakuwa punje au majani ya manjano.

Tuna ruzuku ya mbolea tangu msimu wa 2022/23, na baadaye ikaja ya mbegu za mahindi. Sisemi ziondolewe. Nauliza ya kupasua ardhi iko wapi. Vocha ya kupasua ekari moja, inayolipwa kwa kijana wa kijijini mwenye maksai na ripa, ingebakiza fedha palepale kijijini, ingempumzisha yule mama na tani zake mia, na ingefanya mbolea ya ruzuku iliwe na mahindi badala ya kuishia mtoni. Makala ya ukurasa wa 6 inaonyesha jinsi mpango kama huo unavyoweza kuingizwa kwenye bajeti ya halmashauri. Ni ndefu, ina majedwali, na nimekataa kuifupisha. Waheshimiwa madiwani waanzie hapo.

Mwandishi wetu wa Same ameleta makala nzuri juu ya ndiva za Wapare, yale mabwawa madogo ya mlimani yanayojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, kila mfereji ukiwa na zamu yake na kila zamu ikiwa na ugomvi wake. Ameiandika kama makala ya urithi wa wazee. Mimi nimeisoma kama makala ya uhandisi. Makanya, bondeni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa nje wamefanya kazi miaka kadhaa juu ya swali hilo hilo la kukamata maji na kuvuka siku za kiangazi katikati ya msimu. Jibu linalotoka huko si umwagiliaji wa msimu mzima, ambao hatuna maji yake. Ni kumwagilia mara moja au mbili wakati wa ndevu. Wapare hawakusubiri utafiti ili wagawane maji, lakini ningependa mwandishi angetuambia pia nani hana zamu. Wa chini ya mfereji katika makala yake hawasemi neno.

Makala ya sumukuvu isomwe na wote wanaodhani habari ya maji inaisha siku ya kuvuna. Mahindi yaliyopigwa na jua wakati wa kujaza punje huingiliwa na kuvu yangali shambani, kabla ya ghala na kabla ya turubai. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Kenya kwa sumukuvu, wengi wao wa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 yakatukuta sisi, Dodoma na Manyara. Na makala ya utabiri wa mvua na kupanda kavu iko ukurasa wa 22.

Kuhusu mtama, mchangiaji wetu anarudia agizo ambalo watu wa kanda ya kati wamelisikia tangu enzi za mkoloni: acheni mahindi. Kisayansi yuko sawa, mtama unahimili kuliko hindi lolote. Ila hajawahi, nadhani, kuamka saa kumi na moja alfajiri wiki tatu mfululizo kufukuza kweleakwelea huku watoto wakikosa shule. Hindi limevaa maganda, ndege hawalipati, linachomwa bichi mwezi wa Machi nyumba ikiwa haina kitu, na dalali akija na lori anauliza mahindi. Wakulima wanajua hatari yake na bado wanalipanda. Hao si wajinga, na ushauri unaoanza kwa kuwaona wajinga nimeupunguza aya mbili.

Mabishano ya kweli ya toleo hili ni kati yangu na mwandishi wa makala ya matandazo. Yeye anataka mabua yote yabaki shambani yafunike udongo, na kwa upande wa maji hana kosa: jua la Oktoba juu ya udongo ulio wazi linanyonya hata kile mvua ilichobakiza chini. Lakini kwenye wilaya za wafugaji kama Kongwa shamba likishavunwa ni malisho ya wote. Mabua ndiyo chakula cha ng'ombe wa Agosti, na samadi tunayoihubiri hutoka kwa ng'ombe haohao. Nilimwandikia nikamwambia achague: theluthi moja ibaki, au tuoteshe ngwara, au tupasue tu ardhi na kukubali kuwa juu ni wazi. Alinijibu kwamba sikusoma vizuri aya yake ya sheria ndogo za vijiji. Nimeisoma tena. Sheria ndogo inamfikia mwenye mbuzi watano; mwenye ng'ombe mia tatu hupitisha mifugo usiku, na asubuhi mtendaji anapofika na daftari lake, mabua hayapo na kundi limeshavuka kijiji cha tatu.