Wito kwa Watu wa Mwambao kwa Ajili ya Mikoko

Ndugu zangu watu wa mwambao, kutoka Lamu hata Mtwara, na visiwani Unguja, Pemba na Mafia, nawaandikia kwa taadhima juu ya mti ambao tumezoea kuutazama kwa jicho la mjenzi na la mchoma chokaa, tukaupima kwa urefu wa boriti zake na wingi wa kuni zake, ilhali thamani yake kubwa imo katika majani yanayoanguka matopeni bila ya kuokotwa na mtu.

Maji yakipwa, simama kitambo katikati ya mikoko, utulie. Jani la manjano likidondoka, haupiti muda mrefu tondo huanza kujikokota kulielekea, mmoja, wa pili, wa tatu, hata likafunikwa na magamba yao; na kando kidogo kaa huchomoza, akalikamata jani jingine kwa gando na kulivuta mpaka shimoni mwake. Jani lenyewe lina ukakasi na chakula haba, lakini likikaa topeni, kuvu na vijidudu hulivunjavunja na kulirutubisha, likawa lishe ya kamba wachanga na ya mkizi achujaye matope; na hao nao ni riziki ya samaki wakubwa, ambao aghalabu wamekwisha kuhamia kwenye matumbawe mvuvi anapowafikia. Jani ndilo lililoikamata nuru ya jua na kuigeuza chakula; kaa hana uwezo huo, wala chewa, wala sisi.

Nguvu hiyo ya jua haivuki nzima kutoka kinywa hata kinywa. Mwaka 1942 Raymond Lindeman, Mmarekani aliyechunguza ziwa dogo huko Minnesota, alionyesha jinsi inavyopungua kila ipandapo daraja, na wataalamu hukadiria kuwa takriban sehemu moja katika kumi ndiyo ivukayo, kwani nyingine huishia katika kupumua na kutembea, ikapotea kuwa joto. Kwa hisabu hiyo, nguvu iliyomo katika chewa mmoja sahanini ilihitaji mara kumi yake katika samaki wadogo, mara mia katika kamba na kaa, na mara elfu katika majani. Basi mtu afyekapo mikoko kwa ajili ya mpunga au majaruba ya chumvi, hasara huionja mvuvi wa kijiji cha mbali, ambaye hakushika shoka wala hakuulizwa.

Sheria zipo. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti za mikoko nje ya nchi mwaka 1982, na Tanzania Bara mikoko yote ni msitu wa hifadhi. Lakini ni askari gani awezaye kuzunguka vijito vyote vya delta ya Rufiji usiku na mchana? Ulinzi huo wanauweza wenyeji. Huko Gazi, kusini ya Mombasa, watu wa Gazi na Makongeni tangu mwaka 2013 wamejiunga katika Mikoko Pamoja, wanatunza hekta 117, huuza hifadhi ya hewa ya kaboni, na fedha zake huingia katika maji ya bomba na skuli za watoto wao.

Nawasihi basi kila kijiji kifanye azimio lake. Vyandarua vitoke mikondoni, maana huzoa kamba wa ukubwa wa punje ya mchele pamoja na vifaranga vya samaki, na atakayevikokota aulizwe na jirani zake kabla ya kuulizwa na serikali. Wenye kupanda wasichomeke miche ovyo, kwani kila aina ya mikoko ina mahali pake: mlilana hustahimili ukingo wa bahari, mkoko wenyewe hutaka tope la karibu na mkondo, mchu huvumilia chumvi ya juu, na penye tuta au barabara iliyoziba maji, kuzibua njia ya maji sharti kutangulie.

Wazee waitishe kikao siku za maji mafu, wakati wachokoaji wa pweza wapo nyumbani. Na wakata boriti wasiachwe nje, kwa kuwa nao wana watoto wa kulisha. Mivinje ya kujengea ianze kupandwa mashambani mwaka huu huu, ili wapate cha kukata.