Mwenye Nyumba, Ridhia Kilango cha Paka

Yeyote aliyepata kukaa katika magorofa ya Kariokor, penye soko la makobazi ya ngozi na nyama ya kuchoma upande mmoja, na Gikomba pamoja na mto wake wa taka upande wa pili, hahitaji kuelezwa kuwa panya ni mpangaji asiyelipa kodi wala kupokea notisi. Hupanda kwa mabomba ya maji machafu, hutafuna nyaya za umeme na mifuko ya unga, na usiku, taa zikishazimwa, hutembea jikoni kwa utulivu wa mwenye hati ya kiwanja. Mji huu una historia naye ndefu. Mwaka 1902, Nairobi ikiwa bado kambi ya reli iliyotimiza miaka mitatu tu, tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na wakuu wa siku zile hawakuona dawa nyingine illa kuliteketeza soko zima kwa moto. Na maradhi yale yakarejea mara kadhaa katika miaka iliyofuata, kwa kuwa moto huunguza nyumba, ilhali panya hutangulia kutoka.

Leo masoko hayachomwi kwa amri ya daktari, ingawa Gikomba huungua mara kwa mara kwa sababu ambazo hakuna anayetupa habari zake kamili. Silaha ya leo ni sumu. Kila asubuhi hupita mchuuzi mwenye kipaza sauti kidogo begani, kinachorudia bila kuchoka majina ya maadui watatu, mende, kunguni na panya, na kwa sarafu chache mama mwenye watoto wanne katika chumba kimoja hununua kikaratasi cha unga usio na jina, usioandikwa umetengenezwa kwa nini wala nani aitwe ikiwa mtoto ameulamba. Hata sumu za dukani, zilizo halali na zenye maandishi, zina hatari isiyotajwa sana: nyingi huzuia damu kuganda, hivyo panya aliyeila hafi saa ile, bali huzurura siku kadhaa akiwa mlegevu na mzito wa mwendo, na paka wa jirani akimdaka kwa wepesi asioujua sababu yake, humla, na sumu ile ile ikaanza kazi ndani yake. Kwa njia hii tunamuua askari wetu ili kumpata mwizi mmoja, kisha tunashangaa mwezi unaofuata kwamba wezi wameongezeka.

Paka ni bora kuliko sumu. Katika hilo sijamsikia mtu wa Eastlands akibisha kwa moyo wake wote, hata wale wanaomwogopa paka mweusi kwa kumdhania jini. Shida si paka mwenyewe, shida ni mlango. Mpangaji hutoka alfajiri kuiwahi kazi, akafunga mlango wa chuma kwa kufuli, dirisha akalikaza komeo nyuma ya grili, na paka hubaki upande mmoja wa ukuta hadi saa mbili za usiku. Akifungiwa ndani, haja zake hufanyika nyuma ya kabati, pazia hupasuliwa, na mlio wake huwafanya majirani wa ngazi kumpigia keateka simu. Akifungiwa nje, hula sokoni kwenye mabaki ya mifupa, hupigana na mashume ya mtaani, na siku moja harudi. Na tangu mwaka 2018, mtu alipokamatwa Nakuru kwa kuchinja paka na kuuza nyama yake kwa watengenezaji wa sambusa, mzaha wa sambusa haujawa mzaha mtupu kwa mwenye paka aliyepotea.

Rai yangu basi ni kwamba kila mpangaji wa orofa za chini atakaye paka apewe ruhusa, kwa maandishi na bila minong'ono, ya kutoa kioo kimoja cha dirisha lake na kuweka mahali pake kilango cha paka. Na kwamba mwenye nyumba anayeikataa ruhusa hiyo, huku akiliacha soko la panya listawi chini ya ngazi zake, hana hoja ya insafu.

Ng'ambo kidogo tu ya Kariokor iko Pumwani, mtaa wa Waislamu tangu zama za wazee wetu, na huko hakuna haja ya kumsomea mtu hadithi ya yule mwanamke aliyestahili adhabu kwa sababu ya paka, hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim wote wawili. Lakini watu wengi huitaja kana kwamba kosa lake lilikuwa ukatili mtupu, wakapita bila kuangalia kosa lenyewe lilivyoelezwa: alimfunga paka, hakumlisha, wala hakumwachia atoke akajitafutie wadudu wa ardhini. Njia zilikuwa mbili na yeye alizifunga zote. Sasa mtu aondokaye saa kumi na moja alfajiri na kurejea usiku, akamwachia paka kibakuli cha omena kilichoisha kabla ya saa tatu, ameziba njia ya pili na kuiacha ya kwanza nusu wazi. Asiye Mwislamu hana dharura ya kuukubali ushahidi huo, illa nadhani mantiki yake itamgusa: kiumbe anayefanya kazi ya mawindo hawezi kuajiriwa kisha akanyimwa njia ya kwenda kazini.

Wala jambo hili si anasa ya kisasa iliyoletwa na wenye nyumba kubwa za Karen. Katika kanisa kuu la Exeter, Uingereza, mlango ulio chini ya saa ya kale umetobolewa tundu la mviringo kwa ajili ya paka, na vitabu vya hesabu vya kanisa hilo vya karne ya 14 na ya 15 vinaonyesha fedha iliyotengwa kila robo mwaka kwa chakula cha paka aliyewalinda na panya. Kile kisa cha Isaac Newton kwamba alitoboa tundu kubwa la paka mama na jingine dogo la watoto wake ni porojo isiyo na shahidi, nami nakitaja kwa sababu tu msomaji mmoja hakosi kukikumbuka.

Hebu sasa tuitazame kazi yenyewe, maana ubishi mwingi huzaliwa na kutojua ilivyo nyepesi. Madirisha ya nyumba zetu za zamani ni ya fremu za chuma zilizogawanywa vyumba vidogo vidogo, kila kimoja na kioo chake, kilichoshikwa na puti iliyokauka ikawa ngumu kama mfupa. Fundi wa vioo hachimbi ukuta wala hakati mlango. Huchagua kioo cha safu ya chini, kilicho mbali na komeo, huibandua puti polepole kwa patasi nyembamba, akianzia pembeni na kuifuata fremu, hung'oa vibanio vya waya vilivyojificha ndani yake, na kioo hutoka kizima mikononi mwake. Mahali pake hukatwa kibao cha plaiwudi kwa kipimo kile kile, kikapakwa rangi pande zote mbili hata kwenye kingo, kwa kuwa mvua za Aprili huingia kwanza kwenye kingo. Na katikati ya kibao hutobolewa mwanya wa takriban sentimita 15 kwa 18, ambao paka mzima hupita bila kuinamisha mabega.

Kinachobaki ni ulimi wa kufunika mwanya huo, na hapa Kariokor ina neema isiyopatikana mitaa mingine. Bawaba za duka la vifaa hulia kila paka anapopita, nazo hushika kutu. Kumbe hatua chache kutoka nyumbani wamekaa mafundi wa makobazi, na chini ya meza zao mna mabaki ya ngozi yasiyotosha hata ukanda mmoja wa kiatu.

"Ya nini, mzee?" aliniuliza fundi mmoja nilipochagua kipande kirefu.

"Ya mlango wa paka."

Akanitazama kitambo, kisha akakirudisha kipande kile chini na kunipa kingine kinene zaidi. "Hiyo itakunjika ibaki hivyo. Chukua hii, halafu uitoboe mashimo manne, si mawili."

Hakutaka malipo, ingawa nilimlipa. Ukanda huo wa ngozi hupigiliwa ukingo wa juu wa mwanya, ukaning'iniza kipande cha plastiki angavu ili paka aone kilicho mbele yake kabla ya kusukuma kichwa. Chini ya plastiki hubandikwa sumaku iliyotolewa katika spika mbovu, na kwenye kibao hupigiliwa kipande cha bati cha kuipokea, ili upepo usiuchezeshe ulimi usiku kucha. Kisha paka hufundishwa. Siku za kwanza ulimi hufungwa juu kwa uzi, omena zikawekwa upande wa pili. Baadaye uzi hulegezwa kidogo kidogo, na paka mwenye akili ya kawaida huelewa kabla ya mwenye nyumba.

Kioo kilichotolewa hufungwa katika gazeti na kutiwa nyuma ya kabati. Siku ya kuhama hurudishwa na puti mpya, dirisha likawa kama lilivyokuwa, pengine bora zaidi. Naliweka hili mbele kuliko hoja zote, kwa kuwa pingamizi la mwenye nyumba aghalabu ni moja tu, kwamba mali yake itaharibiwa, nalo halisimami mahali ambapo hakuna kilichokatwa.

Wako wanaotaka kutoboa kioo chenyewe, na kwao nina hadhari. Kioo cha kawaida chaweza kukatwa tundu, maadamu liwe la duara, kwa maana tundu lenye pembe huanzisha ufa pembeni. Na kazi hiyo hufanywa kioo kikiwa kimelazwa mezani, si kikiwa kimesimama katika fremu ya zamani iliyopinda. Ama kioo kilichoimarishwa kwa kupashwa moto mkali na kupozwa ghafla, kile kinachowekwa katika milango mikubwa ya maghorofa mapya, hakigusiki kabisa: tundu lake hukatwa kiwandani kabla ya kuimarishwa, na atakayekijaribu baadaye atakiona kikigeuka chembechembe miguuni pake. Hilo ndilo linalonifanya niwaelekee wajenzi. Pangani imekwisha kubomolewa na kujengwa upya kwa orofa ndefu, na mpango wa kufufua mitaa ya kaunti iliyoko Eastlands haujasita. Wapangaji wa mji wa kikoloni, walipojenga hapa Kariokor, mtaa uliochukua jina lake kwa lile jeshi la wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, walihesabu vitanda vya wanaume waliokuja kufanya kazi bila wake zao; mtoto hawakumhesabu, seuze paka. Wachoraji wa leo hawana udhuru huo. Kipande kimoja kisicho cha kioo chini ya mlango wa varanda, kinachoweza kufunguliwa kwa skrubu nne, hakiongezi gharama ya kutajika.

Wezi je? Swali hili ni la haki, maana Nairobi mwizi huvua suruali dirishani kwa mti mrefu wenye ndoana. Lakini grili haiondolewi. Nafasi iliyo baina ya nondo na nondo hupitisha paka, haipitishi bega la mtu, na kwa kuwa kilango kimewekwa mbali na komeo kuliko urefu wa mkono, anayeingiza mkono hupata hewa. Anayeweka simu yake dirishani ataibiwa hata bila paka. Kuhusu paka wageni kuingia na kumaliza maziwa, ni kweli huingia, na Ulaya wamebuni vilango vinavyosoma kichipu kilichopandikizwa chini ya ngozi ya paka, vikamfungulia mwenyewe tu na kumkatalia mwingine; bei yake inamfaa mtu mwenye mshahara usio wetu. Sisi yatutosha pini ya kufungia ulimi usiku, na kutoacha maziwa wazi.

Pingamizi lenye uzito hasa ni la orofa za juu, nami nalikubali bila kuvutana. Paka huanguka. Kilango kinachofunguka juu ya hewa tupu ghorofa ya tatu ni mtego, na huko kilango kiwekwe kwenye dirisha la ukumbi wa ngazi au kisiwekwe kabisa.

Kwa upande wake mpangaji naye ana wajibu, na hapa nitawaudhi baadhi ya wapenzi wa paka. Paka anayetoka achanjwe kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao jina lake huwadanganya watu wakadhani hauhusu paka. Serikali ilijiwekea mwaka 2014 azma ya kuuondoa miongoni mwa watu ifikapo 2030, na azma hiyo inaelekezwa zaidi kwa mbwa, hivyo mwenye paka asisubiri kubishiwa hodi. Ahasiwe pia, dume kwa jike, la sivyo kilango kimoja kitazaa vitoto vya paka kwenye kila ngazi, na jirani aliyekuwa mvumilivu ataanza kumsikiliza mchuuzi mwenye kipaza sauti. Na jengo likikubali paka, likubali pamoja kuacha sumu, maana mambo hayo mawili hayakai nyumba moja.

Mikataba ya nyumba mingi humkataza mpangaji kubadili chochote bila idhini. Iongezwe humo sentensi moja: mpangaji wa orofa ya chini au ya kwanza aweza kutoa kioo kimoja cha dirisha na kuweka kilango cha paka kwa gharama yake, kwa sharti kwamba paka amechanjwa na kuhasiwa, grili haikuguswa, na kioo cha asili kitarudishwa siku ya kukabidhi ufunguo.