Mshika Mawili Asiadhibiwe Vyuoni

Majuzi alinijia ofisini kijana aliyehitimu shahada ya kwanza ya biolojia. Alitaka kusomea uzamili ili achunguze namna seli za ubongo zinavyojifunza, na papo hapo aunde programu za tarakilishi zinazojifunza kwa njia kama hiyo. Idara moja ilikuwa imemwambia kwamba hana hisabati ya kutosha. Nyingine ilimjibu kwamba anachokitaka si biolojia. Mhadhiri mmoja alimalizia kwa methali: mshika mawili moja humponyoka. Kijana akaja kwangu mimi mwanaisimu, kwa kuwa milango mingine yote alikwisha kuibisha.

Methali hiyo ina hekima yake, nami sikusudii kuwakosoa wahenga. Ninachopinga ni kuigeuza kuwa kanuni ya kuajiri watu na kuwapandisha vyeo vyuoni. Tukiichunguza historia ya mashine zinazojifunza, ambazo siku hizi zinatafsiri lugha na kutambua sura za watu, tutaona kwamba wengi wa waasisi wake walikuwa washika mawili.

Natoa mfano mmoja. Katika miaka ya 1980, Richard Sutton, ambaye shahada yake ya kwanza ilikuwa ya saikolojia, alishirikiana na Andrew Barto huko Marekani kukuza njia ya kuifunza mashine kwa malipo. Mashine hubashiri malipo itakayopata, kisha hulinganisha ubashiri wake na kile kilichotokea. Tofauti baina ya hayo mawili ndiyo somo lenyewe. Ikipata zaidi ya ilivyotarajia, hupandisha makadirio yake. Ikipata pungufu, huyashusha.

Wakati huo, huko Uswisi, Wolfram Schultz alikuwa akipima seli za ubongo wa tumbili zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Tumbili alipopewa maji ya matunda bila kutarajia, seli hizo zilisisimka. Alipokwisha kuzoea kwamba ishara fulani hutangulia maji, zilisisimka ishara ilipotolewa, wala si maji yalipofika. Na ishara ikitolewa kisha maji yakakosekana, seli zilinyamaza wakati ule ule maji yalipongojewa.

Mwanabiolojia peke yake angeona hapo seli zenye tabia ya ajabu tu. Mtaalamu wa tarakilishi naye hakuwa na sababu ya kufuatilia habari za tumbili. Walihitajika watu wenye mguu mmoja huku na mwingine kule. Peter Dayan, aliyesomea hisabati kabla ya kugeukia ubongo, na mwenzake Read Montague, walitambua kwamba msisimko wa seli zile unafuata tofauti ile ile ya akina Sutton. Makala waliyoandika pamoja na Schultz katika jarida la Science mwaka 1997 imekuwa nguzo ya utafiti kuhusu namna viumbe wanavyojifunza, na imewafaa hata wanaochunguza uraibu wa dawa za kulevya. Sutton na Barto nao walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2024.

Mfano huo hauko peke yake. Geoffrey Hinton alisomea saikolojia Cambridge, kisha akapata uzamifu katika akili unde huko Edinburgh. Mwaka 1998 alianzisha kituo cha Gatsby katika University College London, ambako wachunguzi wa ubongo na wa mashine waliwekwa chini ya paa moja. Demis Hassabis, aliyetoka katika tarakilishi akaenda kupata uzamifu katika elimu ya ubongo, alipitia kituoni humo kabla ya kuasisi kampuni ya DeepMind na wenzake mwaka 2010. Ilipofika 2024, Hinton alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na John Hopfield, mwanafizikia aliyejitosa katika biolojia, naye Hassabis akawa miongoni mwa washindi wa ile ya kemia. Hata Nobel haina tuzo inayoitwa kwa jina la taaluma yao.

Sisi wanaisimu nasi hatukusalimika. Mwaka 1986, wanasaikolojia David Rumelhart na James McClelland waliufunza mtandao wa tarakilishi wakati uliopita wa vitenzi vya Kiingereza bila kuupa kanuni hata moja. Steven Pinker na Alan Prince waliwajibu kwa ukali mwaka 1988. Ubishi huo ulitulazimisha kueleza upya kanuni ya lugha ni kitu gani hasa. Kila mtu angalibaki katika idara yake, swali hilo lisingaliulizwa kwa uzito ule.

Itasemwa kwamba anayesimama katikati huishia kujua kidogo cha huku na kidogo cha kule. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni kumtahini kwa viwango vya pande zote mbili. Itasemwa pia kwamba elimu hii ni ya mataifa tajiri. Kuiga maabara zao ni ghali, nakubali. Hata hivyo, upande wa nadharia unahitaji hisabati, tarakilishi na data, na maabara nyingi hutoa data zake bila malipo. Hamu nayo ipo. Agosti 2019, mkutano wa Deep Learning Indaba ulifanyika katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, ukawaleta pamoja vijana kutoka pembe nyingi za Afrika.

Kwa hivyo nawaomba wakuu wa vyuo wafanye mambo matatu. Kwanza, waruhusu mwanafunzi mmoja asimamiwe na wahadhiri wa idara mbili, na kazi hiyo ihesabiwe kwa wote wawili. Pili, mhadhiri anayeandika katika majarida ya taaluma mbili asipunguziwe alama anapoomba kupandishwa cheo. Tatu, wanafunzi wa biolojia, saikolojia na hata isimu wafundishwe hisabati na takwimu tangu mwaka wa kwanza. Tukishindwa hata na hayo, tusilalamike vijana wetu wanapochukuliwa na vyuo vya ng'ambo au na makampuni.

Kijana yule nilimwandikia barua kwa idara zote mbili. Usajili wa muhula mpya u karibu, naye angali anasubiri ni ipi itakayomkubali.